Muhogo, Mbaazi na Sukari ya Asubuhi

 

Nimeombwa nizungumzie chakula cha asubuhi kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, na hasa wanga: muhogo, maandazi, chapati, vitumbua, uji, mkate. Nitasema mapema ninachokiamini, ili mjue ninaelekea wapi. Muhogo umesingiziwa. Kinachotuumiza asubuhi ni wanga uliosagwa laini, ukatiwa sukari, kisha ukaliwa peke yake bila samaki, bila jamii ya kunde, bila mboga. Na vya kuurekebisha mlo huo tunavilima wenyewe, tena tunavipakia melini kwa magunia.

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Mtu amekula saa mbili usiku, amelala, na asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni anapima na kukuta sukari iko juu kuliko alivyolala nayo. Anaanza kujishuku, au watu wa nyumbani wanamshuku kwamba aliamka usiku akala. Hakula. Ini lake ndilo lililofanya kazi. Kuelekea alfajiri mwili hutoa homoni za kuuamsha, mojawapo kotisoli, na homoni hizo huliagiza ini limwage glukosi kwenye damu ili mtu aamke na nguvu. Kwa asiye na kisukari, kongosho hujibu mara moja kwa kutoa insulini. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili insulini haitoshi, na hata hiyo iliyopo, misuli na ini haviitii ipasavyo. Hivyo mlo wa saa moja asubuhi unaikuta damu ambayo tayari ina sukari nyingi. Andazi lile lile, kwa mtu yule yule, mara nyingi hupandisha sukari zaidi asubuhi kuliko mchana. Ndiyo sababu mlo huu mmoja unastahili mhadhara wake.

Watu wazima wengi hushauriwa sukari yao iwe kati ya 4 na 7 kabla ya kula, na isifike 10 saa mbili baada ya kula, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Mzee wa miaka 80, au mtu ambaye sukari humshuka ghafla, daktari anaweza kumpangia kiwango kilicholegea zaidi, na hicho ndicho akifuate.

Sasa tuiweke sahani mezani. Tuchukue mama wa makamo, mkazi wa mjini Mtwara, anayetoka asubuhi kwenda kwenye shughuli zake. Njiani ananunua maandazi matatu na vikombe viwili vya chai. Andazi moja la ukubwa wa kawaida lina wanga wa gramu 25 hivi. Kila kikombe kimetiwa vijiko vitatu vya sukari vilivyojaa, na kijiko kilichojaa kina gramu 5 au zaidi. Jumla inapita gramu 100 za wanga, karibu wote wa kumeng'enywa haraka, na hakuna kitu ndani ya mlo huo cha kuupunguzia kasi isipokuwa mafuta ya kukaangia. Watu wazima wengi wenye kisukari huanzishiwa kiwango cha gramu 30 hadi 45 kwa kifungua kinywa. Mama huyu amekula zaidi ya mara mbili yake, na hata shibe hajaipata. Saa nne atakuwa na njaa tena, kwa sababu sukari iliyopanda kwa kasi haishibishi kwa muda mrefu.

Angalieni kwamba karibu theluthi moja ya gramu hizo haikutoka kwenye maandazi kabisa. Ilitoka kwenye chai. Kama mtu ataondoka hapa leo na badiliko moja tu, naomba liwe hilo. Halina gharama, na linaokoa hela. Asiyeweza kuacha kwa siku moja apunguze nusu kijiko kila wiki, ulimi huzoea. Iliki, tangawizi, mdalasini na mchaichai vitaipa chai ladha, na ladha ndiyo kazi yake. Nasema hivyo kwa sababu mdalasini unauzwa sokoni kama dawa ya sukari, pamoja na mlonge na mwarobaini. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kukaa mahali pa metfomini au insulini. Na asali ni sukari. Imetoka kwa nyuki, ina harufu nzuri, na damuni inafika ikiwa glukosi na fruktosi kama hiyo ya dukani.

Turudi kwenye muhogo, maana hapa kwetu ndipo penye maneno mengi. Nimesikia, nanyi mmesikia, kwamba muhogo ndio unaoleta kisukari, au kwamba aliyepata kisukari lazima auache maisha yake yote. Dhana ya kwanza haikuzuka barazani tu. Katika miaka ya 1980 wanasayansi nao waliishuku sianidi iliyomo katika muhogo mchungu kwamba huenda inaharibu kongosho, na Shirika la Afya Duniani mwaka 1985 lilikuwa na kundi maalumu la kisukari kilichohusishwa na utapiamlo. Jibu kubwa lilitoka hapa Tanzania. Andrew Swai, Donald McLarty na wenzao walikwenda kupima watu katika jamii iliyokuwa inakula muhogo mwingi wenye sianidi, wakalinganisha na jamii isiyotegemea muhogo. Mwaka 1992 walichapisha matokeo: waliokula muhogo kwa wingi hawakuwa na kisukari zaidi ya wenzao. Utafiti huo unafaa kujulikana kila kijiji cha pwani hii, kwa sababu umelifuta neno linalowanyima watu chakula chao bila sababu.

McLarty huyo huyo na wenzake wa Muhimbili walikuwa wamechapisha matokeo mengine mwaka 1989 katika jarida la Lancet. Walipima watu wa vijiji sita vya Tanzania, na waliokutwa na kisukari hawakufika mmoja katika kila 100. Mwaka 2012 utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza ulikuta 9 katika kila 100 kati ya watu wa miaka 25 hadi 64. Waliopimwa hawakuwa wa aina moja wala wa umri ule ule, kwa hiyo tusizitoe tarakimu hizo moja kwa nyingine kama hesabu za dukani. Hata hivyo mwelekeo unaonekana. Na katika miaka hiyo yote muhogo ulikuwepo mashambani, kama ulivyokuwepo kwa babu zetu. Vilivyoongezeka ni unga mweupe wa ngano, sukari, soda, mafuta ya kukaangia na saa za kukaa bila kutembea.

Hayo hayaufanyi muhogo kuwa chakula cha kula bila kipimo. Gramu 100 za muhogo wa kuchemsha, yaani kipande kinachotosha kwenye kiganja, zina wanga wa gramu 30 hadi 40. Kiazi kitamu cha kuchemsha chenye uzito huo kina takriban nusu yake. Protini katika kipande hicho cha muhogo ni kama gramu 1, sawa na hakuna. Kwa hiyo anayekula vipande vitano na chai anakula wanga mtupu. Anayekula kipande kimoja, samaki wa kuchoma pembeni na bakuli la kisamvu, huyo amekula muhogo vizuri. Mmea ni ule ule. Mzizi umeleta wanga na jani limeleta protini na nyuzinyuzi. Tui la nazi kwenye kisamvu liwe jepesi, kwa sababu mafuta yake ni ya aina inayopandisha lehemu, na mwenye kisukari moyo wake unahitaji kulindwa zaidi ya wa mtu mwingine.

Namna ya kupika pia ina uzito wake. Chakula cha kuchemsha kinashinda cha kukaanga, hasa kwa anayehitaji kupunguza unene. Kiazi kitamu cha kuchoma au cha kuoka hupandisha sukari kwa kasi kuliko cha kuchemsha, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kuhusu muhogo mchungu, hapa Mtwara hatuhitaji kuambiwa na mgeni: mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa huu ulipata wagonjwa wa konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu, uliotokana na muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka wakati wa shida. Makopa yaloweke na yakauke sawasawa. Unga wenye mashaka ukandwe kwa maji, utandazwe kwa tabaka jembamba juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano, sianidi iondoke, kisha upikwe siku ile ile.

Nije kwenye uji, na hapa najua nitawaudhi baadhi yenu. Mgonjwa akirudi kutoka kliniki, nyumbani humpikia uji wa lishe: mahindi, mtama, ulezi, mchele, soya, vyote vikasagwa pamoja mpaka unga ukawa kama vumbi. Kila nafaka iliyomo ni nzuri. Lakini nafaka ikisagwa laini hivyo, ikachemshwa kwa maji mengi na ikanywewa, tumbo halina kazi iliyobaki. Wanga unafika damuni kwa haraka. Mtama wenyewe wanga wake humeng'enywa polepole kiasi, kwa sababu umeshikwa na protini za punje na, katika mtama mwekundu, na tanini. Faida hiyo hupungua kadiri unavyosagwa. Nawasihi basi: uji wa mwenye kisukari uwe wa mtama usiokobolewa, unga wake uwe wa chengachenga, uwe mzito, kikombe kiwe kimoja, na ndani yake zisagwe karanga. Sukari isiguse. Wenye kupenda uchachu watie ndimu au ubuyu. Uchachu nao husaidia kuchelewesha tumbo kumwaga chakula.

Karanga tunazo. Serikali ya kikoloni ya Uingereza mwaka 1947 ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo yake, na ikaanza kujenga bandari ya Mtwara na reli kwa ajili ya kusafirisha mafuta kwenda kwao. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umeachwa. Miaka mingi baadaye watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, hapa kwetu, walitoa mbegu za karanga zinazofaa ardhi hii, Pendo ikiwa mojawapo. Konzi ya karanga za kuchemsha asubuhi ni protini, ni mafuta mazuri, na sukari haipandi kwa sababu yake. Korosho nayo vivyo hivyo, ingawa ina nguvu nyingi, kwa hiyo konzi moja itoshe. Nasikitika kila ninapofikiri kwamba mkoa unaoongoza kwa korosho nchini, mtoto na mgonjwa wake huianza siku kwa andazi na chai ya rangi.

Lakini chakula ninachotaka mkipende kuliko vyote ni mbaazi. Bakuli la gramu 100 za mbaazi zilizoiva lina wanga wa gramu 23 hivi, na kati ya hizo kama 7 ni nyuzinyuzi ambazo hazigeuki sukari. Lina protini gramu 7. Wanga wa punje nzima umefungwa ndani ya kuta za seli, na vimeng'enyo huufikia kidogo kidogo. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake wa Toronto, Kanada, walipochapisha orodha ya kwanza ya vyakula kwa jinsi vinavyopandisha sukari, jamii ya kunde ilikuwa chini kabisa kuliko nafaka na mizizi karibu yote. Kisha wakaona jambo jingine: mtu akila dengu asubuhi, hata sukari ya chakula chake cha mchana hupanda kidogo kuliko angekula mkate. Choroko, kunde na njugu mawe ziko kwenye ukoo huo huo.

Mnakumbuka Agosti 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake. Bei ilianguka, magunia yakabaki ndani ya nyumba za Mtwara na Lindi, na wakulima wakaumia sana. Sitalifanya lile kuwa jambo jema. Ninachosema ni kwamba tulikuwa na chakula bora cha asubuhi kimejaa ghalani na hatukukiona kama chakula cha asubuhi, kwa kuwa tulizoea kukiona kama bidhaa. Zilowekwe usiku, zichemshwe alfajiri au zichemshwe nyingi mara moja, zitiwe kitunguu, nyanya na tui jepesi. Mwenye kisukari ale mbaazi bakuli zima, na mahamri yanayoambatana nazo ale moja dogo, au kipande cha muhogo badala yake. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kliniki kabla ya kuongeza jamii ya kunde na karanga, kwani kipimo chake cha protini na potasiamu ni cha peke yake.

Kuna swali la kiporo, ambalo naulizwa kila niendako. Wali au muhogo uliopikwa jana ukapoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya na kuwa ngumu kumeng'enywa, na hata ukiupasha moto, sehemu hiyo hubaki. Kwa hiyo ni kweli kwamba kiporo huweza kupandisha sukari kidogo kuliko chakula kilichotoka jikoni. Tofauti ni ndogo, haihalalishi sahani kubwa. Na kwa joto la pwani hii wali uliolala juu ya meza huota bakteria wanaotoa sumu isiyokufa kwa kupashwa moto. Mwenye jokofu auweke mapema, ukiwa umepoa. Asiye nalo, wali wa jana auache. Kuhara na kutapika kwa mwenye kisukari kunaweza kumlaza hospitali.

Wapo watakaosema haya ni ya watu wenye nafasi ya kupika asubuhi. Wana haki ya kusema hivyo. Mlo wa njiani ndio mlo wa wengi, na mama anayekaanga vitumbua anasomesha watoto kwa vitumbua hivyo. Sitamwambia mtu amkimbie. Nitawaambia wateja waulize: mama, mihogo ya kuchemsha ipo? Mbaazi unazo? Bagia za kunde? Mayai? Muuzaji hupika kinachoulizwa. Chapati ikiwa haikwepeki, iwe moja, na iliwe pamoja na supu ya samaki, mchuzi na nyama ya samaki vikitangulia na chapati ikifuata. Utaratibu huo wa kuanza na samaki na mboga, wanga ukaja mwisho, umepimwa na kuonekana unapunguza kupanda kwa sukari kwa chakula kile kile. Na wenzetu wa maofisini, vikao vya asubuhi vyenye soda na sambusa vingeweza kabisa kuwa na maji, karanga na mayai. Hilo linategemea anayeagiza.

Baada ya kula, tembea. Dakika 10 au 15 zinatosha kuifanya misuli ivute sukari kutoka kwenye damu. Kina mama wanaoshuka pwani maji yakipwa kutafuta pweza na chaza wanalifanya hili bila kuambiwa. Tabu iko kwetu tunaokaa.

Wengi wenu hamna vijiti vya kupimia vya kutosha, navyo ni ghali. Msivimalize kwa kupima ovyo. Chagua kifungua kinywa unachokila mara nyingi kuliko vyote, pima kabla ya kula na pima saa mbili baada ya tonge la kwanza. Wiki nyingine badilisha kitu kimoja tu, mathalani ondoa sukari ya chai, upime tena vivyo hivyo. Vijiti vinne vitakueleza kuhusu mwili wako kuliko nitakavyoweza kukueleza mimi, kwa kuwa watu wawili hula muhogo mmoja na sukari zao zikapanda tofauti.

Sasa jambo la hatari. Wapo wanaosikia maneno kama haya wakaamua kuacha wanga wote, au kuacha kula asubuhi kabisa. Anayetumia metfomini peke yake hatari yake ni ndogo. Anayetumia glibenklamidi au insulini, akimeza au kujidunga kisha asile, sukari inaweza kushuka mpaka akazimia. Nawafikiria wavuvi wanaoingia kwenye ngalawa alfajiri na dawa tumboni bila chakula. Jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa: hizo ni dalili za kushuka, na baharini haziachi nafasi ya kujiuliza. Sukari ikiwa chini ya 3.9, koroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, mgonjwa anywe, asubiri dakika 15, apime tena. Ikiwa bado iko chini arudie. Aliyezimia asinyweshwe kitu, apelekwe kituo cha afya mara moja. Kwa hiyo sukari niliyoiondoa kwenye chai ibaki nyumbani, na pakiti ndogo iwe mfukoni mwa mvuvi ndani ya mfuko wa nailoni. Na anayepunguza wanga kwa kiasi kikubwa amwambie daktari wake kwanza, kwani dozi ya jana inaweza kuwa kubwa mno kwa sahani ya leo.

Mmeniuliza kuhusu Ramadhani. Mwenye kutumia insulini, aliyewahi kuzimia kwa kushuka sukari, mjamzito, na mwenye figo zilizodhoofika, waende hospitali ya Ligula au kituo kilicho karibu wiki kadhaa kabla ya mwandamo, waambiwe kama wanaweza kufunga na dawa zibadilishwe vipi. Anayeruhusiwa, daku lake alicheleweshe mpaka karibu na alfajiri, na liwe mbaazi au choroko, samaki au yai, na kipande cha muhogo au ugali wa mtama, pamoja na maji ya kutosha. Futari asiianze kwa tambi za sukari na uji mtamu. Tende moja, maji, supu, kisha kidogo cha mihogo. Mchana apime. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, afungue hapo hapo, asisubiri magharibi. Kuchoma kidole kwa ajili ya kupima hakubatilishi saumu. Masheikh wengi wameshalieleza hilo, na anayesita amwulize imamu wake kabla mwezi haujaandama.